Eleuterio Banaag na Mti wa Santoli wa Mama Mkwe

Eleuterio Macaraig Banaag alizaliwa tarehe 20 Februari 1949 huko Nagcarlan, mkoa wa Laguna, mtoto wa nne wa Mzee Honorio na Bi Salud. Alipewa jina la mtakatifu wa siku hiyo, akalilalamikia maisha yake yote. "Ningechelewa siku moja tu, ningepata jina linaloenea kwenye fomu."

Alisoma hapo hapo Nagcarlan hadi mwaka 1966, baba yake alipofariki. Baadaye aliajiriwa katika kitalu cha miche mjini San Pablo, akabebesha miche, yaani kuunganisha kijiti cha mti bora juu ya mche wa kawaida: mashokishoki, maembe na santoli, tunda la kwetu lenye nyama nyeupe, kwa miaka thelathini na minane.

Tarehe 18 Mei 1974 alimwoa Purificacion Abrenica wa Tayabas, mama yetu. Uani kwao Mama kulikuwa na mti wa santoli wa bibi, mama yake Mama, wenye matunda matamu hadi kwenye kokwa. Kimbunga cha Novemba 1995 kiliung'oa. Baba alikwenda huko siku ya tatu, akakata vijiti, akavifunga kwa gazeti lililoloweshwa na kuvibebesha kwenye miche ya kienyeji nyumbani. Kilichipua kimoja. Julai 2002 kikazaa, na Baba akammegea Mama.

"Ndiyo yenyewe, Puring?"

"Ndiyo yenyewe."

Sisi watoto tuliamini hivyo miaka ishirini na moja.

Tarehe 28 Agosti mwaka huu, 2023, Baba alitoka bila kuaga, akarudi jioni amelowa chapachapa. Usiku huo homa ilimshika, na kesho yake alilazwa kwa nimonia. Mfukoni mwake mlikuwa na vijiti sita vya santoli. Alifariki tarehe 11 Septemba, saa tatu asubuhi, bila kusema alivitoa wapi.

Katika mkesha wa maombolezo nilimuuliza mdogo wake, baba yetu mdogo Tiyo Ambo, aliyefanya naye kazi kitaluni: kama mti tunao, vijiti vya nini?

"Mti upi? Kile kijiti cha Tayabas kilikufa zamani. Kilichokua ni chipukizi la chini ya kiungo, la ule mche wa kienyeji. Kuya, kaka yangu, alijua siku ile ile ya tunda la kwanza."

"Hata mimi nilijua," Mama akasema. "Lilikuwa kali, nikafumba macho nikameza."

"Sasa Ate," Tiyo akamgeukia shemeji yake, "mbona hukumwambia?"

"Mbona yeye hakuniambia?"

Kaka yangu Rodel akacheka huku analia. "Kwa hiyo miaka yote hii tumetia mchuzini santoli ya nani?"

Mama alitaka nisome hapa kwamba Baba aliupata tena mti wa bibi. Tiyo Ambo alisema nisithubutu. Nimeandika yote mawili, kwa maana sijui ni nani aliyekuwa akimficha mwenzake, wala kama ule ulikuwa uongo.

Tiyo alivibebesha vile vijiti Baba akiwa bado hospitalini. Vinne vimekauka. Viwili, asubuhi ya leo, vina macho ya kijani ya chipukizi, na safari hii viko juu ya kiungo.

"Vikizaa matunda makali, nitasema nini?" Mama alimuuliza.

"Sema makali, Ate. Hatakuwepo tena mtu wa kumficha ukweli."

Ameacha mke, Purificacion, watoto wawili, Rodel na mimi, Noemi, wajukuu watano, na mdogo wake, Ambrosio. Mungu ampe pumziko la amani, na sisi atupe subira ya miaka mitano au sita.