Mstari Mwekundu wa Arne

Kila alasiri ya majira ya baridi wenye benchi huwa hapo, wameegemea ukuta wa kanisa la Kilutheri, kahawa mkononi: Orville aitwaye Profesa, kwa kuwa hakuna asilolijua, Lorna, yaani Bi Supu, na Arne, mshika funguo. Hao ndio kamati ya wanaojitolea kuwalaza wasio na makazi katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Kanuni waliitunga wenyewe: jua likizama, sindano ya kipimajoto kilicho juu ya benchi ikiwa chini ya mstari mwekundu, mlango unafunguliwa. Isiposhuka, kila mtu atajua pa kujisitiri. Wiki nzima haikuwa imeshuka, na asubuhi hiyo Arne alimkuta Vern, mmoja wa hao wasio na makazi, chini ya daraja, ndevu zimeganda, vifungo vya koti vimemshinda.

— Kipimajoto ni kizima, alisema Profesa. Tatizo ni Vern. Tumemdekeza kwa supu.

— Supu yangu haijamdekeza mtu, alijibu Bi Supu. Nusu yao huimwaga.

— Basi ni ziwa. Linapumua joto upande huu.

— Ziwa limeganda, Profesa. Jana ulipita juu yake kwa gari.

— Linapumua chini kwa chini.

Arne akasema labda leo wafungue tu. Wakamkumbusha ni nani aliyeupaka mstari ule. Kisha wakajisifu: wazee wazima, theluji yote hii, na hakuna aliyevaa glavu.

Akatokea mwanamke mgeni, begi mgongoni, vidole kavificha kwapani, akauliza kama hapa ndipo penye malazi. Profesa akamwonyesha sindano kwa upole na kumweleza kanuni. Mwanamke akaitazama, kisha akatazama miguu yao.

— Samahani, wazee wangu. Mbona uwanja mzima ni theluji, na hapo mlipokaa pakavu?

Arne akageuka. Nyuma ya kisogo chake, chini ya kipimajoto, bomba la tanuru lilikuwa likitoa hewa ya moto, tanuru lile lile lililopasha joto ukumbi mtupu wiki nzima. Ndiyo maana benchi waliliweka hapo. Aibu ikamshika mpaka masikio yakamwaka.

Akamwaga kahawa, akatoa funguo.

— Ingia ndani, mwanangu. Profesa, kamlete Vern.

— Na kipimajoto je?

— Kiache kiote moto. Kimetuiga sisi.