Mama Henriette na Neno Génie

Baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye dirisha la usajili la chuo chetu hapa Goma, Mama Henriette Kahindo anastaafu tarehe 30 Juni 2026. Mimi nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na moja, na nikiri mapema kwamba nilimwogopa yeye kuliko mkuu wa chuo.

Mwaka 2002, volkano ilipouchoma mji, alivuka mpaka kwenda Gisenyi na madaftari ya usajili kichwani, akasahau sufuria zote nyumbani. Mumewe alimkumbusha jambo hilo kwa miaka mingi.

Kila mwaka vijana walifika wakisema wanataka "informatique," bila kujua kwamba njia ni mbili: informatique yenyewe, ya kuandika programu, na génie informatique, ya kuijua mashine ndani na nje. Mama Henriette hakuwapa hotuba. Aliwawekea mezani calculatrice, ile mashine ndogo ya kukokotoa, iliyokufa, pamoja na bisibisi. Aliyeuliza ilikuwa inafanya hesabu gani alimpeleka informatique. Aliyeshika bisibisi, génie. Alikosea mara chache sana.

Luc, kijana wa mji wa Kiwanja, alikuja akitaka informatique. Aliifungua calculatrice, akaisafisha, ikawaka. Mama Henriette akamshawishi aende génie. Mama yake Luc, Nyirakamana, aliyekuwa amemsindikiza, akakataa.

"Génie ni ya basoda, mama," alisema. "Mutoto yangu haiko soda."

Katika mji wenye kambi ya jeshi ya Katindo, génie kwa watu wengi ni wale basoda, wanajeshi, wa madaraja na mabomu. Ofisi nzima tulicheka, mimi nikiwa wa kwanza. Luc akaandikishwa génie hivyo hivyo. Na kwa kuwa nafasi kwenye kadi ya mwanafunzi ni ndogo, Mama Henriette akaandika kama alivyozoea: GÉNIE, basi.

Januari mwaka jana, vita ilipoingia mjini, Luc alisimamishwa na watu wenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Mwenzake aliyekuwa naye anasema waliisoma kadi, wakamwuliza yuko kikosi gani, wakampandisha kwenye gari. Hatujasikia habari zake tena.

Ofisi ilipofunguliwa tena, Mama Henriette aliandika upya kadi zote za génie, mia nne na kitu, kwa maneno kamili, herufi zikipanda hadi juu ya picha. Hakutaka msaidizi. Calculatrice aliitupa. Ule ukali wake tuliouzoea uliisha, na sisi tuliotaniana juu yake miaka yote tulitamani urudi. Inaniuma kuandika hivyo.

Oktoba, Nyirakamana alirudi. Aliomba mwanawe ahamishiwe informatique, ili yeye apate karatasi ya kuonyesha kila anakokwenda kumtafuta. Kanuni inadai sahihi ya mwanafunzi mwenyewe. Mama Henriette, ambaye hakuwahi kumbadilishia mtu hata nukta, alichukua kalamu akasaini jina la Luc. Ameniomba niliandike hapa, mbele ya wakuu, asije akaadhibiwa mwingine.

Mama, asante kwa wote uliowaonyesha njia, na kwa sisi uliotufundisha kazi. Nenda ukapumzike nyumbani kwako Himbi, Mungu akupe afya na usingizi. Luc akirudi, tutamleta kwako, aketi mbele yako, na safari hii achague mwenyewe.

Grégoire Ndayambaje, ofisi ya usajili