Kongoni Niliyemwinda Kwenye Daftari

Tumsifu Yesu Kristo. Wanajumuiya wenzangu, na ninyi majirani zetu Walutheri mliokuja mkisikia kwamba leo nitasema ukweli, kamwene. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mama watoto kaniambia tano zinatosha, kwa sababu zile nyingine tano huwa naongeza chumvi. Leo sina chumvi. Kaeni.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Tangu nihame Kifanya kuja hapa Lyamkena, safari yangu ndefu ni kwenda Mahongole kuangalia mahindi, na hata huko huwa narudi kabla chai haijapoa. Kijiweni waliniita kuku wa banda. Sikukasirika. Kuku wa banda analishwa.

Shida ilianza binti yetu alipokaribia kipaimara. Tulikaa hapa hapa, kwenye mabenchi haya, tukipanga chakula cha sherehe. Mmoja akasema maharage. Mwingine akasema mbuzi. Mimi, ndugu zangu, sijui ni nini kilinipanda kichwani, nikasimama nikasema: "Nyama ya kipaimara nitaileta mwenyewe kutoka porini. Kongoni. Kwa kibali. Babu yangu alikuwa mwindaji."

Babu yangu alikuwa anafuga nyuki. Samahani, babu.

Basi nikanunua daftari kubwa la kurasa nyingi, nikaanza kupanga. Miezi mitatu nilipanga. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, ndiye mwenye bunduki na leseni, na ndiye mtoto wa kiume pekee aliyebaki kwa mama mkwe wangu. Nikamwambia aje na bunduki tu, mengine aniachie mimi. Ofisi ya wanyamapori nilikwenda mara nne, kila mara nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Pori hili ni la wazi, lile ni tengefu, huyu anawindwa, yule hawindwi. Niliandika yote. Nilichora hata ramani. Jioni naweka kiti karibu na jiko la mkaa, naandika: hema, chumvi ya kukaushia nyama, kamba, maji madumu mawili. Nikimaliza kuandika kitu, naweka tiki.

Hapo ndipo nilipoanguka, ila sikusikia kishindo. Tiki ile niliiweka siku ya kukumbuka kitu, si siku ya kukipakia.

Mama watoto aliniuliza mara moja tu: "Baba, huko unakokwenda unakujua?"

"Mwindaji haulizwi hivyo," nikamjibu.

Akanifungia sweta jekundu alilolifuma mwenyewe. Nikamwambia kule bondeni ni joto. Akasema, "Joto unalijulia wapi wewe?" Nikalivaa ili tusigombane.

Mimi na shemeji tulifika porini jioni, kwa gari. Sheria inataka muwe na askari wa wanyamapori, nasi tukapewa mama mmoja mfupi, mkimya, tunamwita afande. Alitazama mizigo yetu akauliza, "Maji yako wapi?" Nikafungua daftari nikamwonyesha. Akanitazama mimi, akalitazama daftari, akaenda kutuletea dumu lake. Halafu akasema, "Kesho hakuna anayetoka kambini bila mimi. Nikishakunywa chai, tunakwenda."

Alfajiri afande akiwa bado anawasha moto upande wa pili wa gari, nikamgusa shemeji. "Twende hapo tu. Bila bunduki. Tuangalie nyayo, akimaliza chai tumpe taarifa kama watu wazima."

Shemeji akaweka chupa ndogo ya maji mfukoni, tukaondoka.

Sasa nawaambieni jambo ambalo mtu wa kwetu tu ndiye atalielewa. Sisi miti yetu imepandwa. Ukiingia kwenye shamba la misindano, hata ukungu ukishuka, chagua mstari mmoja, ufuate, utatokea kwenye barabara ya kuzuia moto. Miaka yote mimi nilidhani huko ndiko kujua msitu. Kumbe nilikuwa najua mistari. Kule porini mti umeota ulipotaka. Nikasema nafuata huu, nikafika, wa pili haupo. Nikachagua mwingine. Nilipogeuka, gari halionekani, na ule mti wa kwanza ulikuwa na ndugu zake arobaini.

Shemeji akauliza, "Kambi ni upande gani?"

"Huku," nikasema. Niliinua mkono kama padre.

Tulipotembea kitambo nikaona korongo. Nikafurahi. Kwetu ukishuka na kijito utakuta vinyungu, zile bustani za bondeni, kwenye vinyungu utakuta mama anapalilia, atakucheka, atakuelekeza. Tukashuka na lile korongo. Lilikwisha kwenye mchanga. Hakuna mama, hakuna kinyungu, hakuna hata maji ya kunawa uso.

"Na hii uliichora kwenye daftari?" shemeji akauliza.

"Ipo ukurasa wa nyuma."

Haikuwepo. Wala daftari lenyewe halikuwepo, nililiacha kwenye hema.

Jua likapanda. Chupa ikaisha. Mimi nikaendelea kusema "huku", na kila "huku" ilikuwa upande wake. Shemeji akaniuliza tena kambi ni upande gani, kama vile hakuwahi kuniuliza. Nikamtazama. Alikuwa ameacha kutoka jasho. Nikamkumbuka mama mkwe. Nikajiona namrudishia bunduki bila mwanawe.

Ndugu zangu, sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusema ndiyo iliyoniwia nzito. Nikamshika mkono nikasema, "Shemeji, sijui tulipo."

Akaketi pale pale chini ya kichuguu, kwenye kivuli. Akasema polepole, "Najua tangu asubuhi kwamba hujui. Nilikuwa nasubiri useme ili nipumzike."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia? Ulikuwa unatembea kama mwenye shamba."

Hatukusogea tena. Nikavua sweta, nikapanda kichuguu, nikalifunga kwenye tawi kavu. Nikashuka, nikamkinga shemeji na jua kwa mwili wangu. Nilisali ile sala ambayo haina maneno mazuri.

Jua lilikuwa limeanza kuinama aliposimama mbele yetu afande na dumu lake. Alimnywesha shemeji kwanza, kidogo kidogo, akamlowesha kichwa. Baadaye ndipo akanigeukia.

"Mlikwenda kufanya nini?"

"Kuangalia nyayo, afande."

"Nimeziangalia mimi. Kutwa nzima. Nikifika zilipo, ninyi mmeshahama. Kama si kile kitu chekundu kukaa mahali pamoja, ningewafuata mpaka kesho."

Kibali tulikirudisha bila kumwaga damu. Kipaimara tulikula maharage, nanyi mlikula mkinitazama. Mama mkwe alinipakulia mara mbili, akasema mwindaji ale ashibe.

Nawashukuru. Afande, ambaye hata asante yangu aliipokea huku anakaza kamba za hema. Shemeji, yule pale nyuma, mzima, anacheka. Mama watoto na sindano zake za kufumia. Ninachowaachia ni hiki: ukipotea, kaa chini, na umwambie uliye naye. Pengine anakusubiri wewe tu.

La mwisho. Nasikia kamati imenipendekeza niongoze hija ya miguu kwenda misheni, eti nina uzoefu wa kutembea. Wapendwa, ile njia siijui. Anayeijua anyooshe mkono, nami nitafuata nyuma nimebeba maji. Madumu mawili. Yako pale mlangoni, yamejaa, mtakapotoka muyatikise.