Siku Nilipokataliwa Msaada wa Kaya Maskini

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu. Mchungaji ameniomba niseme kwa kifupi lile Mungu alilonitendea. Mimi si msemaji, na Kiswahili changu mnakijua, kina Kisukuma ndani yake. Mtanivumilia.

Naitwa Mama Kabula. Natokea Shishiyu. Mume wangu, Nkwabi, aliugua tumbo wakati wa kuvuna pamba, na kabla pamba haijaisha shambani tulikuwa tumeshamzika. Aliniacha na watoto wanne, nyumba ya tope, na ng'ombe aliowanunua yeye mwenyewe kwa pamba yake, mmoja mmoja, tangu kabla hajanioa.

Matanga yalipokwisha, mdogo wake, Masunga, alikaa nami nje ya nyumba akasema, "Shemeji, hawa ng'ombe ni wa ukoo. Ila sitawahamisha. Wewe utakaa nao, mimi nitawasimamia."

Niliona ni jambo la heri, maana wajane wengine huondolewa ng'ombe siku hiyo hiyo. Sikujua kusimamia kwenyewe kutakuwaje. Watoto wangu walichunga. Mimi nilisafisha zizi na kuhangaika na kupe. Asubuhi mke wa Masunga alikuja na ndoo yake, akakamua, akaondoka. Siku ya mnada Masunga alikuja na kamba, akachagua, akaswaga. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo wakaniambia nisubiri. Nilisubiri. Tulikula michembe, yale makavu ya viazi vitamu, asubuhi, na jioni michembe tena, na ng'ombe wakilia nje ya mlango.

Ndipo ukaja ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, uliokuwa ukitangazwa tangu kabla ya msiba. Alitumwa binti mmoja kutoka wilayani, mtu wa Tanga, anavaa hijabu, mpole sana. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza: mnakula mara ngapi, mnalala wangapi, paa ni la nini, mna mifugo gani. Mipaka ilikuwa inajulikana kijiji kizima. Mwenye kipato cha kuzidi kiasi haingii, na mwenye ng'ombe hana haja ya kujaribu.

Alifika kwangu, akaandika yote vizuri. Halafu akatazama zizini.

"Mama, hawa ni wa nani?"

Nikamwambia, "Ni wa ukoo."

"Ukoo hauna nyumba, mama. Mimi naandika kaya. Wanalala kwa nani?"

"Wanalala kwangu."

Akarudi kwenye karatasi yake. "Basi itanibidi niwaandike kwako. Majina yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji. Kama si wako, usimame useme pale, mbele ya watu."

Ndugu zangu, nilikuja kwa akina mama wa maombi nikawaeleza. Tulifunga. Niliomba jambo moja tu: Bwana, niwezeshe nisimame niseme hawa ng'ombe si wangu, jina langu lipite, watoto wangu wale. Hilo ndilo lilikuwa ombi langu. Niliandaa maneno yangu nikayarudia nikiwa nalima, nikayarudia nikiwa nateka maji.

Siku ya mkutano tulikaa uwanjani shuleni. Binti wa wilayani akawa anasoma, watu wanakubali au wanakataa. Jina la Masunga likasomwa. Kaya yake ilionekana maskini kweli: nyumba ya nyasi, zizi tupu, hana hata mbuzi. Wakati watu wanataka kukubali, jirani yangu Mama Limbu akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza tu. Huyu si ndiye anayeuza ng'ombe wa kwa Mama Kabula kila mnada?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji akasema, "Masunga, simama ujibu. Wale ng'ombe ni wa nani?"

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kuwahamisha. Zizi lake lilitakiwa lionekane tupu.

Masunga alisimama. Aliangalia chini, akamwangalia yule binti. Akasema, "Wale walikuwa wa marehemu kaka. Mimi sina ng'ombe."

"Kaka amekufa," mwenyekiti akasema. "Nauliza leo ni wa nani."

"Ni wa shemeji na watoto wake. Mimi namsaidia tu kuuza."

Yule binti akanigeukia. "Mama Kabula, umesikia. Ni kweli ni wako? Kama ni wako, nitakutoa kwenye mpango."

Nilisimama na yale maneno niliyoyaandaa yakiwa mdomoni. Nikatambua kwamba nikiyasema, nitapata ule msaada, na ng'ombe wa Nkwabi nitakuwa nimewakana mimi mwenyewe mbele ya kijiji. Mwenyekiti akaniita, "Mayu, jibu, mama."

Nikasema, "Ni kweli. Ni wangu na watoto."

Jina langu likakatwa, la Masunga likapita. Nilirudi nyumbani peke yangu. Sikufurahi. Nilijiona nimeomba mkate nikanyimwa.

Wiki ile ile, siku ya mnada, Masunga akaja na kamba yake kama kawaida, akamshika dume. Nikamwambia amwachie. Akasema, "Shemeji, yale yalikuwa maneno ya mkutano tu." Sikubishana naye. Nilimtuma mwanangu Kabula kwa mwenyekiti, naye mwenyekiti akaja kwa baiskeli. Alimwambia neno moja: "Masunga, ukimchukua huyu, ni wako, na mimi naitisha mkutano leo jina lako likatwe. Chagua."

Masunga akafungua kamba, akaikunja, akaondoka bila kuaga. Kesho yake mkewe hakuja na ndoo.

Nilikamua mwenyewe. Watoto walikunywa maziwa hadi wakaumwa matumbo, maana hawakuyazoea. Msimu ule tulilima kwa maksai wetu, choroko na pamba, na Kabula akaanza sekondari hapa Nyalikungu. Watu huniuliza mbona sikumshtaki Masunga, maana bado anapokea ule msaada. Nawajibu kwamba na kwake kuna watoto. Mwaka wa kwanza hakunisalimia. Siku hizi ananisalimia.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, naye apewe sifa. Sisemi msaada wa serikali ni mbaya. Umelisha wengi, na mimi ningeupata ningeupokea kwa mikono miwili. Nasema tu kwamba niliomba niandikwe maskini, na Bwana hakukubali. Kama yuko hapa mtu aliyerudishwa mlangoni wiki hii, na hajui kesho atapika nini, asiende nyumbani kabla hatujaomba naye. Aje akae hapa mbele. Mimi nitakaa naye.