Bakuli la Mwalimu Beata na Jemadari wa Kikorea

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya yetu ya Micheweni, Ndugu Afisa Elimu na ujumbe wako, Mheshimiwa Sheha, Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Hafiz, ambaye nilimfundisha irabu wakati hana meno ya mbele, wajumbe wa Kamati ya Skuli, masheikh na wazee wetu wa Msuka, walimu wenzangu, wa hapa na mliotoka bara, wazazi, wanafunzi wangu, hasa nyinyi mliokosa viti, na wewe Mzee Shaame, mume wangu, uliyevaa leo kanzu ya Idi bila ya kuombwa: nakuamkieni nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Mshereheshaji, Mwalimu Usama, amenipa dakika kumi na saa yake ameiweka hapa mezani niione. Kwa miaka thelathini na sita nimekuwa nikiwaambia watu wanyamaze, na wakanyamaza. Leo zamu yangu kunyamazishwa. Lakini, Mwalimu Usama, mwanangu, ukiniona nimezidisha kidogo, igeuze hiyo saa ilale kifudifudi.

Ndugu wageni waalikwa, hotuba ya kustaafu nilikuwa nimeshaiandika. Ni kurasa nne, imo ndani ya mkoba huu. Ina yale yote mnayoyajua: kwamba kazi ya ualimu ni wito, kwamba nilianza na chaki na ninamaliza na chaki, na pale mwisho kabisa, "Kama yupo niliyemkosea, naomba anisamehe, na mimi nimewasamehe wote." Ni hotuba nzuri. Mwalimu Hafiz aliisoma akaisifu. Nimeiacha mkobani, na aliyenizuia kuisoma ni jemadari mmoja wa Kikorea.

Chekeni. Mzee Shaame alicheka zaidi. Aliniambia, "Mwanapili, weye mtu mzima, wakaa kutwa wamwangalia jini wa Kikorea, kwani wa Pemba wamekwisha?"

Basi nikuelezeni wale msioijua tamthilia hiyo ya Kikorea, ya kwenye televisheni. Ilianza kama mchezo. Mjukuu wangu Safaa huangalia marejeo yake saa kumi, baada ya sala ya alasiri, na mimi hukaa pembeni nasahihisha madaftari. Wiki ya kwanza nilisahihisha madaftari arubaini. Wiki ya pili ishirini. Wiki ya tatu Safaa aliniuliza, "Bibi, leo hujaleta kalamu?" Na majirani nao wakaanza kuja, kila mmoja na mkeka wake na kibao chake cha kukunia nazi, kwa kuwa chakula cha jioni lazima kipikwe hata kama Korea kuna msiba.

Yumo humo jemadari mmoja aliyekufa zamani sana, miaka mia tatu, na bado anazunguka duniani na upanga na kofia nyeusi pana, nyembamba kama chandarua, isiyozuia jua wala mvua. Jina lake hatuwezi kulitamka, kwa hiyo sisi tunamwita Mzee wa Kofia. Wamemtia sauti ya Kiswahili cha Dar es Salaam, basi mtu ana miaka mia tatu na anamwamkia mfalme, "Mambo vipi." Tumezoea. Hawezi kupumzika kaburini mpaka apite kwenye lango moja lililo juu ya mlima, na lango hilo lina mlinzi, msichana mdogo wa nguo nyeupe, mkaidi kuliko karani yeyote niliyewahi kumfuata kwa ajili ya kupandishwa daraja.

Tumejifunza mengi kwa Mzee wa Kofia. Wanafunzi wamejifunza kutoa kitu kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Mimi nimewafundisha adabu kwa miaka thelathini na sita na hakuna aliyeinama hata shingo. Akina mama wamejifunza kwamba mtu anaweza kulia sana na bado asiunguze wali. Lakini somo lililoniingia mimi lilikuwa katika sehemu ya kumi na tisa.

Mzee wa Kofia anapanda mlima ule kila mwaka. Juu pana kengele kubwa ya shaba. Anaigonga nchi nzima ikasikia, anapiga magoti anasema, "Enyi watu wote niliowakosea, nisameheni." Anakwenda langoni. Msichana anamuuliza neno moja tu: "Nani?" Anajibu, "Wote." Msichana anasema, "Hapa hapiti mtu kwa jina la Wote." Na lango halifunguki. Amefanya hivyo miaka mia tatu! Anabadilisha kengele, analia zaidi, anajenga mahekalu, analisha masikini, na kila akifika anaulizwa hilohilo. Nani?

Majirani wakamlaani yule msichana. Bi Mgeni, huyo hapo mbele, alimrushia kifuu cha nazi. Mimi sikumlaani.

Kwa nini? Kwa sababu na mimi nina kengele. Imo ndani ya simu. Kila ikifika Shaaban, siku chache kabla ya Ramadhani, natuma kwenye kundi la walimu ule ujumbe wenye mwezi na taa: "Ndugu zangu, tunaingia mwezi mtukufu, niliyemkosea kwa kujua au kutojua anisamehe." Hata sikuuandika mimi, nimeletewa na mimi nausukuma mbele. Na nyinyi mnajibu, "Amin, nasi tusamehe." Nani kamsamehe nani? Kwa lipi? Hakuna ajuaye, na tunakula futari.

Na kila mwaka, wa kwanza kunijibu huwa Mwalimu Beata. Huweka neno "Amina" na ua moja jekundu.

Ndugu zangu, Mwalimu Beata mnamjua. Anafundisha hisabati, yule pale, karibu na dirisha, mwenye gauni la kijani. Alikuja kwetu kutoka Muleba, Kagera, miaka kumi na moja iliyopita, yeye na mumewe Agustino, wakapewa nyumba ya walimu iliyo nyuma ya yangu. Mmeshaisikia hadithi yake, maana kila mwalimu mgeni akiletwa hapa kutoka bara, akiwa na macho ya kutaka kurudi na gari iliyomleta, Beata humkalisha ofisini akamwambia: "Usiogope. Mimi nilikuja huku simjui mtu, nikawa nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Ramadhani ikaingia. Nikapika ndizi na maharage ya kwetu, nikampelekea jirani, Mwalimu Mwanapili. Akala. Kesho yake akaniambia kitamu sana. Nikaichana barua." Halafu ananigeukia mbele ya watu, "Au siyo, Bi Mwanapili?" Na mimi naitikia, "Kitamu sana."

Mwalimu Ezekieli, wewe uliambiwa hivyo mwaka jana. Nilikuwepo. Niliitikia.

Sikula.

Bakuli lilikuja limefunikwa vizuri, moshi unatoka. Nikalipokea, nikashukuru, nikaingia ndani. Nikajiuliza: hawa watu wa dini nyingine, sufuria lao limepikiwa nini jana? Hakuna aliyeniambia neno. Sikumuuliza mwenyewe, na ilikuwa hatua ishirini kwenda kumuuliza. Nikatoka mlango wa uani, nikawamwagia kuku. Chakula cha mtu aliyetoka Ziwa Victoria mpaka Msuka, saa ya futari, nikawamwagia kuku.

Kisha nikaosha bakuli nikalirejesha. Tupu. Wazee wangu mmeguna, na mna haki, maana nyinyi mnajua maana yake. Kwetu chombo cha jirani kikija na kitu, hukirejeshi kitupu. Kama huna kitu kabisa unatia ndimu mbili, unatia hata chumvi ya mkono mmoja. Ukikirudisha kitupu umemwambia mwenzio: usilete tena. Nilijua ninachokisema. Yeye, mgeni, alilipokea akasema, "Jamani, mpaka umenioshea!" Akafurahi. Nikaona bora angenitukana.

Tangu hapo nimemtendea wema. Sisemi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ndivyo Mzee wa Kofia alivyojenga mahekalu. Mwanawe Modester alipozaliwa, aliyekaa na Beata hospitali siku tatu ni mimi. Mama yake Beata alipofariki Muleba, niliyekusanya nauli kwa walimu ni mimi. Na bakuli lake nikawa nalijaza kila Idi, biskuti mpaka halifungiki. Lakini hayo yote hayamjibu yule msichana: Nani? Kwa lipi?

Basi Alkhamisi iliyopita, baada ya sehemu ya kumi na tisa, nilizunguka nyuma ya nyumba. Hatua ishirini zile zile. Nimechelewa miaka kumi na moja. Nilimkuta Beata anachambua mchele. Nikamwambia yote, kuku na bakuli na kila kitu.

Hakuacha kuchambua. Akasema, "Nilijua."

Nikamwambia, "Ulijua vipi?"

"Bi Mwanapili, kuku wako walikuja kwangu na maharage midomoni. Nilikaa mlangoni nikalia. Na sufuria lile nilikuwa nimelinunua jipya, Wete mjini, siku ile ile, kwa ajili yako, usije ukawa na wasiwasi."

Jipya. Alikwenda Wete na kurudi, na jua la mfungo, anatafuta sufuria lisilopikiwa kitu, kwa ajili yangu. Niliposikia hilo nilikaa chini kwenye ule mchele.

Nikamuuliza, sasa mbona ulichana barua? Akaniambia, "Ile barua niliimaliza usiku ule ule kuiandika. Asubuhi nikaja skuli nayo. Nikakuuliza chakula kilikuwaje, ukasema kitamu sana, na hukuniangalia usoni. Masikio yalikuwa mekundu. Nikasema, kumbe huyu anaona haya. Na mtu anayeona haya naweza kukaa naye ujirani. Ndiyo nikaichana."

"Na hadithi ile, mbona unaisema mbele ya watu?"

"Nilikuwa nakungoja uikatae."

Ndugu wageni waalikwa, miaka kumi na moja mtu amenifungulia lango, kila mwalimu mgeni akija analifungua tena, na mimi nasimama pale nasema kitamu sana. Ni mwanafunzi gani niliyewahi kumsubiri hivyo? Nafasi ngapi niliwapa nyinyi mlioshindwa hesabu ya kugawanya? Mbili. Ya tatu nilikuwa natoka nje kukata bakora.

Nilimwomba radhi pale pale, kwa jina lake, kwa kosa langu lenyewe. Akasema, "Nimekusikia. Lakini jibu nitakupa siku ya kuagwa, mbele ya watu, pale pale ulipokuwa ukiitikia." Tokea Alkhamisi tunapishana njiani, ananiamkia vizuri, jibu hanipi. Mzee Shaame ni shahidi, silali.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, niwie radhi, najua ratiba yako. Walimu wangu vijana, nilitaka kukuachieni nasaha nyingi za kazi na sasa nimebaki na moja: ukimkosea mtu, mfuate huyo huyo, umtaje na ulitaje ulilolifanya. Huo ujumbe wenye mwezi na taa muuache ukae kwenye simu.

Mwalimu Beata, naomba usimame.

Hili hapa bakuli lako. Nimelichukua kwa Modester asubuhi, usimgombeze, nilimwahidi pipi. Ndani yake mna ndizi na maharage. Nimepika mimi, ndizi za huku kwetu Shumba, sijui kama zimetoka kama za kwenu. Nalileta kwa mikono miwili, kama Wakorea, na kichwa nimeinamisha. Mimi, Mwanapili, nilikukosea wewe, Beata. Nilimwaga chakula chako na nikasema uongo kwamba nilikila. Nataka radhi kwako, unipe au uninyime, wewe ndiye mwenyewe.

Anakuja. Mpisheni, wanangu. Mwalimu Usama, saa iache.

Amelipokea... Anafunua... Anasema, wale wa nyuma hamsikii, anasema, "Hili silili mimi. Miaka kumi na moja umewaambia watu kwamba ulikula. Haya, kula."

Ana kijiko, jamani. Alikuja nacho mkobani! Alikuwa nacho tokea asubuhi!

Bismillahi.

Ndugu zangu, mnisamehe kusema na chakula mdomoni, na ahsanteni kwa subira yenu na masikio yenu siku hii ya leo. Yaliyobaki mtamalizia wenyewe, mimi nina bakuli la kumaliza.

Kitamu sana, Beata. Na safari hii nimekila.