Mabaka Yaliyotoweka Asubuhi: Maisha ya Marehemu Sabina Chenge

Ndugu waombolezaji, tumemrudisha Sabina nyumbani Kayenze. Kabla hajashushwa kaburini, familia imeniomba mimi, kaka yake Mihayo, niwasomee maisha yake yalivyokuwa.

Marehemu Sabina Chenge alizaliwa hapa Kayenze tarehe 9 Agosti 1981, binti pekee kati ya watoto wanne. Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1996. Wakati wa kambi ya mitihani walimu walimkabidhi sufuria la uji, ingawa naye alikuwa mtahiniwa. Alikuwa hampi mtu uji mpaka amjibu swali la hesabu. Mwalimu mkuu alipofika na kikombe chake, akaulizwa saba mara nane. Akasita. Sabina akamwambia, "Mwalimu, rudi nyuma ya foleni." Wengi mliokuwa kwenye foleni ile mko hapa leo.

Mwaka 1999 alikwenda Mwanza mjini akawa anapika kwenye mgahawa wa watu. Tarehe 17 Aprili 2004 alifunga ndoa na Shimba, fundi wa injini za boti. Walijaliwa watoto wawili, Venant na Minza. Mwaka 2006 alifungua kibanda chake cha chakula Nyakato, jirani na viwanda. Wafanyakazi walimfuata kwa ajili ya samaki wake, na zaidi kwa ajili ya kachumbari na mchicha, mboga alizonunua kila asubuhi kwenye bustani ya bondeni.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2014. Jioni moja akifunga kibanda alihisi muwasho mgongoni. Shimba alipomfunua aliona mabaka mekundu yaliyoinuka, mapana kama kiganja cha mtu. Asubuhi yalikuwa yametoweka, ngozi safi kabisa. Ikawa hivyo miaka yote. Jioni yanakuja, midomo inavimba, macho yanafumba, na kila akifika zahanati hakuna cha kuonyesha. Alipewa dawa za aleji, akazuiwa samaki, mayai na karanga. Binti huyu wa ziwani alikaa miaka minne bila kuonja hata dagaa, na mabaka hayakukoma.

Watu wakaanza kusema. Waliodai kuona alama za vidole walisema anapigwa na kitu kisichoonekana. Mteja wake mmoja, Abeid, alisimama mbele ya kibanda akatangaza, "Huyu mama ana jini, nanyi mnakula mkononi mwake!" Kufikia mwisho wa mwezi ule benchi zake zilikuwa tupu. Sabina alifunga kibanda.

Walihama Nyakato wakaenda Mirongo, wakidhani nyumba ndiyo mbaya. Mabaka yakamfuata. Wakahamia mlimani Mkuyuni. Yakamfuata na huko. Minza alipokuwa mdogo aliwahi kumkuta mama yake amevimba uso wote, akakimbilia kwa jirani, Mwaija, akisema ndani kwao kuna mtu asiyemjua. Tangu siku hiyo Sabina alifunika kioo cha chumbani kwa kanga. Aliniambia, "Kaka, inafika jioni nasikia kama kuna mtu anakuja, na anakuja kwangu tu."

Februari mwaka huu alipata maumivu chini ya mbavu za kulia. Daktari aliyempokea alimpiga ultrasaundi, akaona mfuko wa maji kwenye ini. Alimweleza kwamba ni mtoto wa mnyoo aina ya tegu, mnyoo anayeishi tumboni mwa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, hushika kwenye mboga au maji, na mtu huyameza bila kujua. Mwili wake ulikuwa ukipambana na mgeni huyo, na mabaka yale huenda yalitokana na vita hivyo.

"Kwa hiyo si jini?" Sabina aliuliza.

"Si jini, mama."

Alilia pale pale kwa furaha. Kisha akafuta machozi, akauliza, "Na wale niliowalisha?"

Daktari alimjibu kwamba ugonjwa haupiti kutoka mtu kwa mtu, na kwamba hakuna awezaye kujua aliupata kwa chakula kipi. Lakini yeye aliikumbuka bustani ya bondeni na mbwa waliolala kwenye matuta. Akarudi Nyakato, mlango kwa mlango, akiwatafuta wateja wake wa zamani. Wengine walimfungia mlango. Kwa Abeid alisimama uani.

"Sikuja kugombana, Abeid. Tulikula mboga za bustani moja. Nenda ukapimwe ini."

"Uliondoka na majini yako, sasa umeniletea ini?"

"Tukana umalize, halafu nenda."

Mkewe ndiye aliyempeleka. Abeid alikutwa na mfuko kama wa Sabina. Alifanyiwa upasuaji mwezi Julai akapona.

Upasuaji wa Sabina ulipangwa Septemba, baada ya dawa. Aliomba usogezwe hadi Desemba, Minza amalize mtihani wa kidato cha nne. Daktari alimwonya. Uamuzi ulikuwa wake, aliufanya akiwa na akili timamu, na familia inaomba mtu yeyote asije akamwambia mtoto huyu neno lingine.

Ijumaa tarehe 3 Oktoba, mvua ikiwa imetoka kunyesha, aliteleza kwenye ngazi za mawe akaangukia ubavu. Aliinuka akacheka. Muda si mrefu mabaka yalitanda mwili mzima, mchana kweupe, kwa mara ya kwanza mbele ya watu wote. Mfuko ulikuwa umepasuka. Koo lilianza kuziba. Majirani walipombeba kuteremka mlima, mmoja alipiga kelele kwamba jini limerudi. Sabina alimshika Mwaija mkono, akasema kwa shida, "Mwambieni daktari ni ini." Alifariki kabla ya kufika hospitali.

Marehemu ameacha mama mzazi, mume wake Shimba, watoto Venant na Minza, na kaka watatu. Abeid, aliyebeba jeneza upande wa mbele leo, ameomba ahesabiwe miongoni mwa ndugu. Mama amekubali.

Mungu ampokee Sabina, ampe usingizi usiokatizwa na muwasho.