Zakari Alimsamehe Maiti

Sogeeni, wanangu. Rachida, niinulie mto. Hassani, acha kusimama mlangoni kama mgeni. Na wewe Nafisa, kaa hapa karibu, kwa kuwa maneno haya sitaweza kuyarudia.

Nyumba yetu hii ya Hewa Bora ina desturi ambayo jirani wote wanaijua: redio huzimwa kwa kilio tu. Tangu tuingie katika lupango hii, kiwanja chetu wenyewe, kila jioni baada ya Magharibi nilifungua idhaa ya Kiswahili ya nchi ya mbali, nikasikiliza habari, kisha nikatoka barazani kuwasimulia wenzangu, na lile lililosemwa na mdomo mmoja tu nikaliacha ndani. Mimi ni fundi cherehani, na habari nilizipima kama ninavyopima nguo ya bibi harusi.

Ndipo jioni ile msomaji akasema, kwa sauti ile ile ya kutaja bei ya shaba, kwamba serikali yao imekata feza na hayo ndiyo matangazo yao ya mwisho. Nikaizima redio. Nilidhani sauti ile ni kama mvua, haina mwenyewe. Kumbe ilikuwa kodi ya watu wasionijua. Bunge lao limekaa, limenyoosha mikono, na mimi huku nimekuwa kiziwi kabla ya kula. Nguo ya kuazima haisitiri matako: nimewaambia wateja methali hiyo maisha yangu yote, wala sikujua nimeivaa mwenyewe.

Sikutoka barazani jioni ile, wala zilizofuata. Nitoke niseme nini? Jirani wakasikia ukimya. Kiki wa ng'ambo ya barabara hakubisha hodi, alishika simu akatuma sauti yake juu yangu: "Baba Abibu haiko tena, redio ilizimwa." Wanawake wakaingia na viti vichwani, wakanikuta nanawa mikono nile ugali. Mlicheka, nami nikacheka, nikawaambia, "Mukale basi, bukari iko."

Lakini kwetu kule Kasongo, sauti ya Kiki ilikofika, hawakucheka. Kule walikwisha kulia, na imamu akauliza, kama ilivyo desturi, nani ana dai kwa marehemu. Akasimama mdogo wangu Zakari, ambaye hajanisemesha tangu mama yetu azikwe, akasema mbele ya watu wote kwamba amenisamehe.

Dai lake mnalijua. Mama alipokufa nilikuwa njiani kwenda kumzika, nimefika Kongolo. Redio ile ikasema njia ya mbele imeshikwa na watu wa bunduki, nikageuka. Ilikuwa kweli, na lori lililotutangulia halikufika. Zakari akasema, "Uliamini muzungu wa mu redio kuliko damu yako." Nilijua nina haki, na mwenye haki naye huweza kukaa miaka bila ndugu.

Alipoambiwa niko hai, nilidhani atamshukuru Mungu. Akatuma neno: "Mi nilisamehe maiti. Muntu mwenye kukula bukari, hapana." Tena akasema nilijifanya mfu ili nimwibie msamaha wake. Mimi!

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa laja, daktari hakunificha. Na mkituma sauti tena Kasongo, nani atawasadiki? Watasema mzee wa Lubumbashi ameanza tena mchezo wake.

Basi shikeni haya. Lupango msiiuze. Cherehani ni ya Rachida, kwa kuwa ndiye anayeijua sauti yake ikiumwa. Hassani, usiache kazi yako ya mgodini Kinsevere kwa hasira ya siku moja. Redio iwe ya Nafisa. Itafutieni idhaa ya hapa kwetu, muisikilize, muipime, na ikiwa ya kweli muichangie, kwa maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msitume habari ambayo hamkuibishia hodi. Na Kiki... msimchukie. Alinililia kweli.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Nafisa, piga namba ya Zakari. Usimwambie nimekufa, wala usimwambie nakufa. Weka simu hapa, kwenye kinywa. Inaita?... Mungu awafungulie njia, wanangu... awakinge na ulimi wa watu... awaache mpendane mkiwa hai. Semeni amina. Kwa nguvu, niwasikie...

Zakari? Ni mimi. Usikate, mdogo wangu... Sikiliza tu hii pumzi. Mama... nilitaka kufika. Wewe ulimsamehe maiti, na maiti hakusikia. Nisamehe mimi, Zakari... sasa... ningali nasikia.